UZI: Mtoto ana miaka mingapi? Akti ya kuzaliwa, siku 90 na tribunali ya watoto (Lubumbashi)

Mzee_wa_Grefu (mwanzilishi wa uzi)

Bandugu na bamama, jambo yenu.

Kila tarehe 16 Juni tunasikiliza hotuba juu ya haki za mtoto wa Afrika. Tarehe 17 hakuna anayeuliza kama mtoto aliyezaliwa wiki ile kwa jirani ameandikwa mu buku la komini (ofisi ya manispaa ya mtaa). Uzi huu ni wa tarehe 17.

Kongo hatuna njaa ya sheria za mtoto. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inamwita mtoto kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inaingia ndani zaidi: kazi, ndoa, kifungo, mtoto wa barabarani, mtoto anayesingiziwa uchawi, mtoto aliyepewa bunduki. Isome yote, utaona karibu kila ulinzi umefungwa kwenye umri. Aliye chini ya miaka 14 hawezi kubeba jukumu la jinai, na dhana hiyo haivunjwi na ushahidi wowote. Kuanzia 14 hadi 18, anayemshughulikia ni jaji wa watoto, si jaji mwingine. Akifika 16 anaweza kuajiriwa, lakini kwa kazi nyepesi zisizoharibu afya. Chini ya 18, uchumba na ndoa ni marufuku (kifungu cha 48), na anayemwingiza jeshini, polisi au kwenye kundi la silaha anafungwa miaka 10 hadi 20 (kifungu cha 187).

Sasa mlete mtoto mbele ya polisi, jaji au inspekta wa kazi. Swali la kwanza: huyu ana miaka mingapi? Jibu linapaswa kutoka kwenye akti ya kuzaliwa, na wengi hawana. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-14 ulikuta watoto 25 kwa 100 wa chini ya miaka mitano ndio walioandikishwa. Ule wa 2017-18 ulikuta 40 kwa 100. Tumepanda, ndiyo, ila bado zaidi ya nusu wako nje ya buku.

Kosa linaloanza mapema ni kuchanganya karatasi tatu.

Sertifika ya kuzaliwa inatoka maternite. Daktari au mkunga anaandika kwamba mama fulani amejifungua hapa, siku na saa fulani. Ni ushahidi mzuri, lakini haimwingizi mtoto kwenye buku lolote la serikali. Wazazi wengi wanaiweka kwenye plastiki wakidhani kazi imeisha.

Atestasio ya kuzaliwa inatoka komini. Inaandikwa palepale kwa maneno ya aliyekuja kuiomba. Watu wanaipenda kwa sababu haichukui muda.

Akti ya kuzaliwa ndiyo yenyewe. Ina namba, ina ukurasa wake kwenye buku la etasivili (usajili wa hali ya kiraia), imesainiwa na afisa wa etasivili, na nakala ikiungua unarudi komini wanakutolea nyingine kutoka buku lile lile. Ukitaka kujua unachoshika mkononi, tafuta namba ya akti na ya buku. Zikikosekana, si akti, hata ikiwa na mihuri mitatu ya rangi.

Muda: Sheria ya Familia ya 1987 ilitoa siku 30. Marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016 (sheria namba 16/008) yamezifanya 90. Ndani ya siku hizo kuandikisha ni bure. Siku ya 91 komini haina tena uwezo wa kumwandika mtoto bila hukumu ya tribunali (mahakama).

Cha kubeba: sertifika ya maternite, vitambulisho vya wazazi, na akti ya ndoa kama ipo. Kabla ya kusaini, soma. Majina herufi kwa herufi, jinsia, tarehe, saa, jina la mama. Karani akiandika Mwamba badala ya Mwambo, mwambie kabla kalamu yako haijagusa karatasi, kwa sababu akti iliyosainiwa haikwanguliwi. Kuisahihisha kunataka tena jaji.

---

Mama_Katuba

Aksanti sana mzee. Niko na mulizo. Kama mama alizalia ku nyumba, hana ile sertifika, na baba ya muntoto ashaenda ku Kolwezi habajue fasi eko, mu komini banamuambiaka "rudia na baba". Sasa atafanya je?

---

Kalamu_ya_Komini

Mama Katuba, huyo anayesema "rudia na baba" anachanganya mambo mawili: kutangaza kuzaliwa, na kuthibitisha baba ni nani.

Kutangaza kuzaliwa ni kazi ya baba AU mama. Wakikosekana, ndugu wa karibu, bibi, babu, au yule aliyekuwepo wakati wa kujifungua: daktari, mkunga. Mama peke yake anatosha kabisa. Aende, aandikishe, akti itoke na upande wake.

Upande wa baba, kama hawakuoana, unakuja kwa tamko la baba mwenyewe au kwa hukumu, hata baadaye. Na asifikirie kwamba akikimbilia Kolwezi amekwisha: kifungu cha 591 cha Sheria ya Familia kinasema kila mtoto Mkongomani lazima awe na baba, na hakuna mwenye haki ya kumpuuza mtoto wake, awe wa ndoa au wa nje ya ndoa. Kesi hiyo inaweza kufunguliwa. Ila usingoje iishe ndipo umwandikishe mtoto. Siku 90 hazimngoji baba.

Kuhusu kuzalia nyumbani: aliyemsaidia kujifungua aende naye komini kama shahidi. Kabla ya hapo apitie kituo cha afya, mtoto apate chanjo ya kifua kikuu na matone ya kwanza ya polio, wamfungulie karte. Tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa na nesi siku chache baada ya mtoto kuzaliwa ni ushahidi wenye nguvu kuliko kumbukumbu ya watu wazima watano miaka kumi baadaye.

Na hapa kuna hesabu moja muhimu kwa wamama wote. Ratiba ya chanjo ya miezi ya kwanza ni: kuzaliwa, wiki 6, wiki 10, wiki 14. Wiki 10 ni siku 70. Wiki 14 ni siku 98, tayari umechelewa. Kwa hiyo siku unayompeleka kwa chanjo ya wiki 10, ukitoka pale nenda moja kwa moja komini. Zimebaki siku 20 na hakuna chanjo nyingine itakayokukumbusha kabla hazijaisha.

---

Ruashi_Moja

Na waliochelewa? Kuna watoto wa miaka 9, 12, wako shuleni, hawajaandikwa popote. Nje ya tribunali kuna wajanja wanasema watakutengenezea hukumu bila wewe kuingia ndani.

---

Mzee_wa_Grefu

Ruashi_Moja, hao waache. Hukumu halali ina namba kwenye buku la grefu (ofisi ya makarani wa tribunali). Mtu yeyote anaweza kwenda kuuliza: "Namba hii ni ya kesi gani?" Ile ya nje ya geti itaonyesha talaka ya watu usiowajua au haitaonyesha kitu. Na mtoto wako ndiye atakayeulizwa siku ya pasipoti.

Njia yenyewe inaitwa hukumu ya supletifu, yaani ya kuziba pengo la akti ambayo haikuandikwa kwa wakati, na inakwenda hivi.

Kwanza, mahakama gani. Mambo ya utambulisho, uzazi na uasili wa mtoto yako chini ya tribunali ya watoto (kifungu cha 99 cha sheria ya 2009). Aliyekwisha kutimiza 18 anaenda tribunali ya amani. Watu wanapoteza majuma kwa kuweka barua upande usio wake, hasa kijana akiwa na miaka 17 na miezi kadhaa.

Pili, ombi la maandishi kwa rais wa tribunali. Liwe na majina kamili ya mtoto kama yalivyo kwenye bulteni ya shule, tarehe na mahali alipozaliwa, wazazi, anakoishi sasa, na sababu ya kutoandikishwa. Sababu iwe ya kweli na fupi. Jaji hatafuti riwaya. Mwishoni uombe waziwazi mambo mawili: kwamba tribunali itambue kuzaliwa kwake, NA kwamba iamuru afisa wa etasivili wa komini fulani aandike hukumu hiyo kwenye buku. Ukisahau jina la komini, unaweza kushinda kesi ukafika Kampemba wakakwambia hukumu haiwaelekei wao.

Tatu, viambatanisho: sertifika ya maternite au karte ya chanjo, karte ya ubatizo kama ipo, bulteni, vitambulisho vya wazazi. Hapa ndipo faili nyingi zinakwama. Karte ya chanjo inasema Machi, ubatizo unasema Mei, bulteni inasema Januari mwaka uliofuata kwa sababu mkurugenzi wa shule alikadiria. Usifiche ile inayokusumbua. Eleza ndani ya ombi: tarehe sahihi ni ya karte ya chanjo kwa sababu iliandikwa mapema zaidi, nyingine zilifuata maneno ya watu.

Nne, kikao. Jaji wa ngazi ya kwanza anakaa peke yake (rufaa inasikilizwa na majaji watatu katika tribunali ileile). Kikao ni cha faragha, si cha wapita njia. Jaji anasikiliza mzazi na mashahidi, parke (ofisi ya waendesha mashitaka) inatoa maoni. Shahidi mzuri ni yule aliyekuwepo wakati mtoto anazaliwa. Mjomba aliyekuja mjini mwaka jana hasaidii kitu.

Tano, na hapa wengi wanaanguka wakiwa mlangoni: hukumu ikitoka, ngoja muda wa rufaa uishe, chukua grefu cheti cha kutokukata rufaa, halafu beba vyote viwili hadi komini. Komini inaandika kwenye buku la mwaka huu na kukupa akti. Bila hatua hiyo, mtoto ana hukumu kwenye sanduku la mama lakini buku la etasivili bado halimjui. Nimetaja "wengi" makusudi. Ukienda kuuliza familia zilizopitia supletifu waonyeshe akti, utaonyeshwa hukumu.

---

Chuma_cha_Kenya

Haya yote ni makaratasi. Kinachotakiwa ni adhabu kali. Mtu anambaka mtoto anaonekana mtaani baada ya wiki. Mchungaji anamwita mtoto ndoki (mchawi), familia inamfukuza, anaishi sokoni. Wabunge waongeze vifungo!

---

Avoka_Kamalondo

Chuma, hasira yako ina haki, lakini adhabu zipo na si ndogo. Kumsingizia mtoto uchawi: mwaka 1 hadi 3 pamoja na faini, kifungu cha 160 cha sheria ya 2009. Kubaka: sheria ya jinai, kama ilivyorekebishwa na sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006, inatoa miaka 5 hadi 20. Aliyebakwa akiwa mtoto, sheria ya 2009 inapandisha kiwango cha chini cha kifungo hadi 7: yaani miaka 7 hadi 20. Na chini ya miaka 18 "alikubali" si utetezi. Tendo lenyewe linahesabiwa ubakaji hata bila ngumi.

Angalia basi kesi inavunjikia wapi. Msichana wa miaka 15, mwili mkubwa. Faili haina akti. Upande wa mshitakiwa unasema: ana 19, walikuwa wapenzi, hata familia zilijuana. Kila kitu sasa kinategemea umri, na kwenye faili kuna mstari mmoja tu wa OPJ (afisa wa polisi anayechunguza makosa): "umri: miaka 15 hivi". Neno "hivi" linamfungulia mshitakiwa mlango wa kutoka gerezani. Ukiongeza kifungo kiwe miaka 40, "hivi" itabaki pale pale.

Kwa hiyo, kwa familia, mambo ya kufanya na saa zake. Hospitali kwanza, kabla ya polisi kama ni lazima kuchagua: dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema ni bora, dawa ya kuzuia mimba hadi saa 120. Asioge na nguo zisifuliwe. Ziwekwe kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, kwa sababu kwenye plastiki zinaoza. Daktari aandike cheti cha uchunguzi siku hiyohiyo. Polisi: sheria namba 06/019 ya tarehe hiyohiyo ya 2006 inamtaka OPJ amjulishe afisa wa parke ndani ya saa 24, uchunguzi wa mwanzo uishe ndani ya mwezi 1, na hukumu itoke ndani ya miezi 3 tangu mamlaka ya sheria ipokee kesi. Zikipita, andikeni barua mkitaja muda huo. Barua yenye kifungu inasomwa tofauti na malalamiko.

Na "arrangement", yaani kupatana nje ya mahakama? Mbuzi, kiroba cha unga, dola kadhaa, mwishowe ndoa? OPJ au parke hawawezi kufunga kesi ya ubakaji kwa faini ya makubaliano. Sheria hiyohiyo imefunga njia hiyo. Na kuwaoza kunaongeza kosa la pili juu ya la kwanza, kwa sababu ndoa ya mtoto ni marufuku.

---

Kibarua_wa_Sheria

Avoka, na kijana aliyekamatwa? Ninavyoona mara nyingi ni hivi: ana 16, wakati wa kuandikisha wapiga kura alisema ana 18 apate karte, maana ndiyo kitambulisho cha kila mtu hapa. Sasa yuko kasho (mahabusu) pamoja na watu wazima na karte inasema ni mtu mzima.

---

Avoka_Kamalondo

Hiyo ni mtego wa kila msimu wa uchaguzi. Karte ya uchaguzi inasema ulichomwambia mwandikishaji. Haithibitishi hali ya kiraia, na akti ya kuzaliwa inaishinda.

Cha kufanya ni haraka, kwa sababu kila karatasi inayoandikwa na umri usio wake itanakiliwa na inayofuata. OPJ anaandika 18, parke inanakili 18, gereza linanakili 18. Baada ya hapo unapigana na maandishi matatu.

Familia ipeleke kwa OPJ nakala ya akti. Kama hakuna, karte ya chanjo, bulteni, ubatizo, chochote kilichoandikwa KABLA ya kukamatwa. Iombe kwamba umri uandikwe kwenye prosesi-verbali (maandishi rasmi ya polisi) na kwamba parke ijulishwe mara moja ni mtoto. Ukumbushe pia kifungu cha 18 cha Katiba: kushikiliwa polisi hakuzidi saa 48, kwa mtu yeyote. Asistanti sosiale wa Divas (ofisi ya serikali ya mambo ya jamii) aitwe; ripoti yake juu ya familia ndiyo jaji wa watoto anayoitegemea kuamua mtoto arudi kwa wazazi au apelekwe wapi. Mtoto asichanganywe na watu wazima, na mahali pake ni mbele ya jaji wa watoto. Kama kesi imekwisha kufika tribunali ya kawaida, avoka aseme mwanzoni kabisa: mahakama hii haina mamlaka, mshitakiwa ni mtoto. Mtoto akiwa kwenye faili moja na watu wazima, faili ligawanywe.

Chini ya 14, jaji anamwachia na anaweza kumkabidhi kwa asistanti sosiale. Aliyeibiwa bado ana haki ya fidia kutoka kwa wazazi. Hapo watu wanachanganya, wakidhani sheria imesema wizi wa mtoto ni sawa.

Hakuna karatasi hata moja? Watapendekeza radio (picha ya eksirei) ya mkono wa kushoto na kifundo chake, mifupa ilinganishwe na picha za kitabu. Kitabu kinachotumika sana kilitengenezwa kwa watoto wa Cleveland, Marekani, miaka ya 1930, wazungu wa familia zenye uwezo. Mtoto wa Katuba aliyekosa lishe miaka mitatu mifupa yake haifuati ratiba hiyo. Hata kwa mtoto aliyeshiba, kosa linaweza kufika miaka miwili huku au kule. Ripoti ikisema "miaka 18" maana yake ni 16 hadi 20, na daktari anayejua kazi ataiandika hivyo. Shaka ikibaki, inamfaidi mtoto. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za mtoto imeliandika jambo hilo katika maoni yake ya jumla namba 24 ya 2019.

Hata kule La Haye, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, walikutana na shida hii. Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la silaha, alitiwa hatiani tarehe 14 Machi 2012 kwa kuwaingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15 kule Ituri, akapewa miaka 14. Majaji walikuwa na wataalamu wa radio za mifupa na meno lakini walizichukulia kwa tahadhari, na walitegemea zaidi video ambamo ilionekana wazi kwamba watoto wale walikuwa wadogo sana. Mahakama ya dunia nzima inahangaika kukisia umri kwa macho, kwa kosa la buku ambalo halikuandikwa.

---

Mtu_wa_Likasi

Niongeze upande wa karieri (machimbo). Sheria ya madini (007/2002, iliyorekebishwa na 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018) inatoa karte ya mchimbaji wa mkono kwa Mkongomani mtu mzima tu. Kwa hiyo mtoto hawezi kuwa kreseri (mchimbaji wa mkono) halali hata mzazi akikubali, hata akiwa anachangia mlo wa nyumbani. Na kazi inayohatarisha afya au usalama ni kati ya zile mbaya kabisa zilizokatazwa na kifungu cha 53 cha sheria ya 2009.

Lakini angalia kazi zenyewe. Wanaoshuka shimoni ni wachache kuliko wanaookota vipande juu ya lundo, wanaoosha mawe mtoni, wanaobeba viroba, wanaouza maji na bukari (ugali) pale pembeni. Ukaguzi ukija, mlango wa shimo unaonekana msafi. Ndiyo maana kuuliza "mna watoto chini?" hakusaidii. Uliza ni nani anaosha, na uende Jumamosi au wakati wa likizo.

Shida ya pili ni umri, tena. Viongozi wa koperative wengi hawapingi sheria, wanasema: "alituambia ana 18". Na kumfukuza mtoto pale bila mpango ni kumhamisha kwenye karieri ya mbali zaidi ambako hakuna anayekagua.

---

Darasa_la_Tano

Fupi, upande wa shule. Kifungu cha 43 cha Katiba: shule ya msingi ya serikali ni lazima na ni bure, na utekelezaji ulianza Septemba 2019. Shule za makanisa zilizo na mkataba na serikali zimo. Kukosa akti hakumfutii mtoto haki hiyo: mkurugenzi amwandike, amwombe mzazi aanze supletifu mapema, kabla ya darasa la sita, wakati majina yanapoingia kwenye mtihani wa kitaifa. Jina likishaingia kwenye mtihani kwa herufi mbaya, litamfuata hadi diplomu.

Na tafadhali, wakurugenzi wenzangu, msikadirie tarehe. Kama mzazi hajui siku, andika mwaka peke yake. "1 Januari" za uongo zimejaa kwenye rejista zetu, halafu tribunalini zinapingana na karte ya chanjo.

---

Chuma_cha_Kenya

Sawa, nimeelewa. Basi serikali ifanye nini? Au kila kitu ni mzigo wa mama na nauli yake ya taksi?

---

Kalamu_ya_Komini

Hapana, na swali ni zuri. Sheria ya 2009 ilijenga vyombo: Baraza la taifa la mtoto, tribunali za watoto, brigedi ya polisi ya ulinzi wa mtoto, maasistanti sosiale. Vyombo bila bajeti vinabaki majina. Mimi ningeanza na mambo madogo ambayo hayahitaji hata sheria mpya.

Mabuku. Komini ikiishiwa mabuku ya kuzaliwa, karani anaandika kwenye karatasi ya kawaida "kwa muda", na muda huo unakula siku 90 za watu ambao walifika kwa wakati. Kila mkoa ujue mapema ni watoto wangapi wanategemewa kuzaliwa katika kila komini, mabuku yafike kabla Januari haijaanza.

Umbali. Mtazame ramani ya Komini Annexe inavyozunguka jiji. Mama anayeishi huko na mtoto wa wiki sita mgongoni hataenda mara mbili, akiambiwa leo afisa hayupo. Sheria ya familia inaruhusu ofisi ndogo za etasivili. Zikae ndani ya maternite kubwa na kwenye vituo vya chanjo, siku za chanjo. Tayari nimeonyesha hesabu: wiki 6 na wiki 10 mama anakuja mwenyewe, bila hotuba.

Vikao vya nje. Tribunali inaposogea mtaani kusikiliza supletifu za watoto wengi, ni vizuri, lakini mara nyingi wanakuja jaji na greffier (karani wa tribunali), komini haiji. Afisa wa etasivili aje na buku lake, ili muda wa rufaa ukiisha orodha iwe tayari mikononi mwake na familia ijue siku ya kurudi kuchukua akti. La sivyo tunazalisha hukumu za sandukuni, kama Mzee alivyosema.

Na bure iwe bure. Kibandiko ukutani: "Kuandikisha mtoto ndani ya siku 90: faranga 0." Kwa herufi kubwa, mahali karani na mama wote wanaona.

---

Mzee_wa_Grefu

Nakubali yote isipokuwa moja. Usimpe karani wa maternite madaraka ya kusaini bila kumfundisha. Ofisi ndogo ambayo mabuku yake hayapelekwi kukaguliwa na parke mwisho wa mwaka inatoa akti zinazopingwa baadaye. Heri ofisi tatu zinazokaguliwa kuliko kumi zinazoandika ovyo.

---

Mama_Katuba

Aksanti kwa yote. Ingine moja tu: kama ni mapacha, Kyungu na Kabange, ni akti moja ao mbili?

---

Kalamu_ya_Komini

Mbili, mama. Kila mtoto na akti yake, namba yake, na saa yake ya kuzaliwa. Mwambie mkunga aandike saa ya kila mmoja kwenye sertifika, na sertifika ziwe mbili. Pale komini soma akti ya Kyungu yote, isaini, ndipo karani aanze ya Kabange. Wakiandikwa kwa pamoja, majina yanabadilishana kwa urahisi, hasa kama wote ni wa jinsia moja, na kuyarudisha ni mpaka kwa jaji.